Craig Rodwell na Duka la Vitabu la Mtaa wa Mercer

Tarehe 24 Novemba 1967, katika siku zile ambazo Wamarekani hukusanyika majumbani kula pamoja na kumshukuru Mungu kwa mavuno ya mwaka, kijana wa miaka 27 aitwaye Craig Rodwell alifungua duka dogo la vitabu katika nambari 291 ya Mtaa wa Mercer, jijini New York, akalipa jina la mtunzi wa Kiayalandi aliyefariki karibu miaka 67 kabla ya siku hiyo, Oscar Wilde, na akatangaza bila kificho kwamba bidhaa yake ni vitabu vilivyotungwa na wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, pamoja na vile vilivyowaeleza watu hao kwa insafu. Duka hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la namna yake katika Marekani. Halikuwa kubwa, wala mwenyewe hakuwa na mali. Mtaji wake ulikuwa akiba ya ujira wa kazi za msimu wa joto katika kisiwa cha Fire Island, ambako matajiri na masikini wa New York huenda kupumzika kando ya bahari. Walakini naamini, na habari zitakazofuata zitanishuhudia, kwamba mengi ya mambo ambayo leo dunia nzima inayajua juu ya harakati za watu hawa yalianzia kwenye meza ya duka lile, na sababu yake kubwa ni kwamba aliyelifungua alikataa katakata kujificha, akaamini kuwa staha haitafutwi gizani.

Rodwell alizaliwa Chicago tarehe 31 Oktoba 1940. Wazazi wake walitengana yeye angali mchanga, mama akabaki na dhima ya kumlea peke yake, na kwa kuwa kazi ilimchukua kutwa nzima, ilimlazimu kumweka mtoto kwa walezi, kisha kumpeleka katika shule ya bweni ya wavulana iliyokuwa nje ya mji na kuendeshwa kwa mafundisho ya Sayansi ya Kikristo, madhehebu yaliyoasisiwa na Bi. Mary Baker Eddy katika karne ya 19. Shule ilikuwa kali, naye alikuwa mtoto asiyekubali kuonewa; lakini katika mafundisho yale alichota jambo moja ambalo halikumtoka hata utu uzimani, nalo ni itikadi kwamba ukweli ukisemwa waziwazi una nguvu yake wenyewe, na uongo haudumu ila kwa kuogopwa. Baada ya masomo ya sekondari alijifunza dansi ya balei, akaenda Boston, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akafika New York, mji ambao alikwisha kusikia tangu Chicago kwamba ndani yake kuna chama cha watu wa hali yake kiitwacho Mattachine.

Msomaji wa leo atafahamu vyema zaidi ushupavu wa kijana huyu akikumbuka hali ya sheria ilivyokuwa wakati ule. Mwaka 1960 hapakuwa na jimbo hata moja la Marekani ambalo mapenzi ya watu wawili wa jinsia moja, watu wazima waliokubaliana, hayakuhesabiwa kuwa jinai. Illinois, jimbo alikozaliwa Rodwell, lilikuwa la kwanza kuifuta sheria hiyo, na ufutaji ulianza kutumika mwaka 1962. Serikali kuu, kwa amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953, iliwafukuza kazini watumishi waliodhaniwa kuwa na tabia hiyo, na miongoni mwao alikuwa mwanaastronomia Frank Kameny, msomi aliyeondolewa katika idara ya ramani za jeshi mwaka 1957, ambaye tutakutana naye tena. Madaktari wa akili waliiandika hali hiyo katika orodha ya maradhi hadi mwaka 1973. Kule New York, mamlaka ya leseni za vileo ilikuwa na uwezo wa kuifunga baa yoyote kwa hoja kwamba kukusanyika kwa watu hawa ni fujo kwa dhati yake, hata wenye baa wa halali wakawaogopa, na biashara ya kuwauzia ikaangukia mikononi mwa magenge ya Mafia, ambayo yalijua kuwahonga askari na kuwatoza wateja bei maradufu.

Chama cha Mattachine chenyewe, kilichoasisiwa Los Angeles mwaka 1950, pamoja na chama cha wanawake cha Daughters of Bilitis kilichoundwa San Francisco mwaka 1955, kilifanya kazi yake kwa tahadhari kubwa. Wanachama wengi walijiandikisha kwa majina ya kubuni. Mikutano ilikuwa ya faragha. Wataalamu wa sheria na tiba walialikwa kuwahutubia wanachama juu ya hali yao wenyewe. Siwalaumu watu hawa, kwa sababu mwenye mshahara wa kupoteza na wazazi wa kuaibika hana budi kupima hatua yake. Rodwell alipojitolea kufanya kazi katika ofisi ya chama hicho, alitumia jina lake la kweli.

Kuna mambo mawili ya ujana wake New York ambayo yaonyesha jinsi alivyokuwa. La kwanza ni mapenzi yake na Harvey Milk, katika mwaka wa 1961 na 1962. Milk alikuwa amemzidi umri kwa miaka kumi, mtakwimu wa kampuni ya bima, mwenye tai na nywele zilizochanwa vizuri, aliyempenda kijana huyu kwa mapenzi ya kumpigia simu kila asubuhi kumwamsha, lakini ambaye hakutaka kabisa jambo hili lijulikane mahali pake pa kazi. La pili lilitokea Septemba 1962, katika ufuo wa Riis Park, ambako polisi walikuwa wakitumia kanuni ya kale iliyoamuru nguo ya kuogelea ifunike mwili tangu kitovuni hadi mapajani ili kuwakamata wanaume wa namna hii. Rodwell alibishana nao badala ya kuinamisha kichwa, akakamatwa, akalala mahabusu siku tatu. Milk alipata hofu juu ya mpenzi mwenye kutafuta ugomvi na serikali, na mapenzi yao yakakatika. Kijana akavunjika moyo kiasi cha kutaka kujiua, akaokolewa. Ni ajabu ya historia kwamba yule bwana wa bima aliyeogopa kujulikana ndiye baadaye aliyehamia San Francisco, akafungua duka la kamera, akachaguliwa diwani mwaka 1977 kwa kujitangaza waziwazi, na kuuawa kwa risasi tarehe 27 Novemba 1978. Njia ya kuishi mchana kweupe, Rodwell alikuwa ameifuata miaka mingi kabla yake.

Tangu hapo hakupumzika. Tarehe 19 Septemba 1964, alikuwa miongoni mwa watu wachache waliosimama na mabango mbele ya ofisi ya kuandikisha askari katika Mtaa wa Whitehall, wakilalamikia jeshi kutoa siri za vijana waliokiri hali yao mbele ya bodi ya uandikishaji. Na tendo hilo hutajwa kuwa maandamano ya kwanza ya hadhara ya watu hawa nchini Marekani. Mwaka uliofuata alitoa shauri kwamba kila tarehe 4 Julai, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao, wakusanyike Philadelphia mbele ya jumba lilipotiwa sahihi azimio la uhuru, wawakumbushe wananchi wenzao kwamba wako watu ambao ahadi ya azimio lile haijawafikia. Shauri lilikubaliwa, na ukumbusho huo ukafanywa kila mwaka tangu 1965 hadi 1969, chini ya uongozi mkali wa Kameny, ambaye aliamuru wanaume wavae suti na tai na wanawake wavae magauni, watembee kwa utaratibu wakiwa kimya.

Kisha likaja jambo la tarehe 21 Aprili 1966. Rodwell pamoja na Dick Leitsch na John Timmons, wakifuatana na waandishi wa magazeti, walizunguka baa za New York, wakiingia na kusema kwa adabu kwamba wao ni wapenzi wa jinsia moja, wana utulivu, na waomba kuuziwa kinywaji. Baa ya kwanza ilikuwa imefungwa, kwani wenyewe walikwisha kupata habari. Mbili zilizofuata ziliwahudumia bila taabu. Mwishowe walifika Julius', baa ambayo wateja wake wengi walikuwa wanaume wa namna yao, na ambayo siku chache nyuma polisi walikuwa wameipa matata. Iko picha iliyopigwa na Fred McDarrah wa gazeti la Village Voice wakati ule: wanaume wamesimama kaunta na suti zao, na mwuza baa, ambaye alikwisha kuitoa bilauri, ameunyosha mkono wake na kuifunika kwa kiganja mara tu aliposikia maneno yao. Kiganja kile juu ya bilauri ni hoja tosha. Kimeeleza kwa ishara moja mambo ambayo wanasheria wangetumia kurasa nyingi kuyaeleza, na kesi zilizofuata baada yake zilianza kuipunguza nguvu ile kanuni ya leseni.

Hata hivyo Rodwell hakuridhika. Alikwisha kuwashauri viongozi wa Mattachine wakodi chumba upande wa chini, kando ya barabara, chenye dirisha la vioo, ili mpita njia yeyote aone kwamba chama kipo na aweze kuingia. Ofisi ya chama ilikuwa ghorofani, na mtu asiyeijua hangeweza kuifikia ila kwa kuelekezwa. Viongozi hawakulipokea shauri hilo, wengine kwa gharama, wengine kwa kuogopa macho ya watu, naye akachoka kungoja. Akajitoa, akaenda Fire Island kufanya kazi na kudunduliza, akarudi na fedha za kodi na za kununulia vitabu.

Biashara hii isingewezekana miaka kumi kabla. Mpaka mwaka 1958 idara ya posta ya Marekani ilikuwa na uwezo wa kuzuia gazeti lolote lililozungumza juu ya mapenzi haya kwa kuliita chafu, hata kama halikuwa na neno moja la matusi. Na ni mwezi wa Januari mwaka huo ambapo Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi iliyoletwa na gazeti dogo la Los Angeles liitwalo One, iliamua kwamba kuzungumza tu si uchafu. Tangu hapo wachapishaji walipata moyo. Lakini vitabu vilivyofika sokoni vilikuwa vya namna mbili, na tofauti baina yao ilikuwa kubwa. Vilikuwako vile vya majalada ya rangi kali, vilivyouzwa kwenye vibanda vya magazeti na katika maduka ya mapazia meusi, ambavyo ndani yake mpenzi wa jinsia moja aghalabu hana hatima ila kujiua, kuwa mwendawazimu, au kuongoka katika sura ya mwisho. Na vilikuwako vitabu vya waandishi wa hadhi, kama riwaya ya Radclyffe Hall ya mwaka 1928 iliyopigwa marufuku Uingereza, riwaya ya Gore Vidal ya mwaka 1948, na ile ya James Baldwin ya mwaka 1956 inayosimulia mapenzi ya Mmarekani mmoja na kijana wa Kiitaliano huko Paris. Lakini hivi vilitawanyika katika rafu za maduka makubwa, kila kimoja mahali pake, hata msomaji aliyevihitaji hakujua vipo, na akijua, aliona haya kumwuliza mwuza duka.

Rodwell aliamua kuvikusanya. Alipofungua hakuwa na vitabu zaidi ya aina ishirini na kitu, akaviweka nakala nyingi nyingi na kuvipanga uso mbele, jalada likimtazama mteja, ili rafu zisionekane tupu. Mama yake, ambaye zamani alilazimika kumwacha mwanawe mikononi mwa walezi, alisafiri kutoka Chicago kuja kumsaidia kupanga duka usiku wa kuamkia ufunguzi, na kwa kuwa alijua wazi ni duka la nini, ujio wake ulikuwa na thamani kuliko mtaji. Picha za uchi na vitabu vya kuchochea ashiki Rodwell alivikataa mlangoni, ingawa kila mwenye duka alijua kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa na faida. Alisema kwamba watu hawa walikwisha kuuziwa aibu yao miaka mingi, na yeye hakufungua mlango kuwauzia tena. Kwa hiyo aliishi kwa dhiki. Mauzo ya siku yalikuwa machache, na vitisho vya simu na uharibifu wa kioo cha dukani vilikuwa sehemu ya kazi.

Nalo dirisha lenyewe lilikuwa sehemu kubwa ya hoja yake. Katika zama zile mahali penye kuwauzia wapenzi wa jinsia moja chochote palikuwa na kioo kilichopakwa rangi nyeusi au kuzibwa kwa mbao, na mlango wa kugongwa ambao mtu huchunguzwa kwa tundu kabla ya kufunguliwa. Dirisha la Mtaa wa Mercer lilikuwa wazi, na mtu aliyesimama nje aliweza kuona rafu zote, mwuza duka, na wateja waliomo. Wapo waliopita mbele ya mlango ule mara nyingi kabla ya kupata ujasiri wa kuushika. Walioingia walikuta kijana mpole aliyewapa wasaa wa kusoma wamesimama, na aliyewaeleza, walipouliza, wapi pana daktari asiyewadharau, mwanasheria wa kuaminika, au mkutano wa watu kama wao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, ambacho majengo yake yako jirani, walilifanya duka maskani yao. Mmoja wao ni Ellen Broidy.

Hapa napenda kusimama kidogo juu ya jina la Wilde, kwa kuwa lina habari inayotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Rodwell alilichagua kwa sababu lilikuwa jina ambalo kila mtu, rafiki na adui, alijua maana yake. Wilde alihukumiwa London tarehe 25 Mei 1895 kifungo cha miaka miwili pamoja na kazi ngumu, akatoka mwaka 1897 afya yake imeharibika, na akafa Paris tarehe 30 Novemba 1900, umri wake miaka 46. Sheria iliyomfunga ilikuwa kifungu cha 11 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1885, kilichoharamisha kitendo chochote cha aibu kubwa baina ya wanaume, hata cha faraghani. Na maneno ya kifungu kile ndiyo waliyoyachukua Waingereza na kuyatia katika sheria za adhabu walizoziandikia Kenya na Tanganyika mwaka 1930. Yamo hadi leo, katika kifungu cha 165 cha Kenya na cha 157 cha Tanzania. Bunge la Uingereza lilianza kuyaondoa nchini mwao, kwa England na Wales, mwezi Julai mwaka ule ule wa 1967 ambao Rodwell alifungua duka. Tunapoambiwa kwamba jambo hili ni la kigeni kwetu, ni haki pia tukumbuke kwamba sheria yenyewe ya kuliadhibu ililetwa kwa meli, na wala haikuandikwa na wazee wetu.

Pamoja na duka, Rodwell alianzisha jumuiya ya vijana na gazeti lake dogo, Hymnal, lililoanza kutoka Februari 1968. Katika toleo la kwanza aliandika makala ya kuwafichua Mafia waliozitawala baa, na miongoni mwa mahali alipopataja ni Stonewall Inn, katika Mtaa wa Christopher, baa ambayo haikuwa hata na maji ya bomba nyuma ya kaunta, hata bilauri zikachovywa katika ndoo moja na kupewa mteja mwingine. Miezi kumi na sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi waliivamia baa ile, na safari hii wateja hawakutawanyika. Rodwell alikuwa akirudi nyumbani na mwenzi wake Fred Sargeant alipoukuta umati, akasimama akapaza sauti ya kuwatia nguvu, kisha akakimbilia simu na kuziarifu ofisi za magazeti makubwa kwamba jambo la historia linatokea. Mimi naona simu ile ni muhimu sawa na mawe yaliyotupwa, kwa maana mapambano ya namna hiyo yalikwisha kutokea katika miji mingine, kama Los Angeles na San Francisco, yakasahauliwa kwa kukosa mtu wa kuyasimulia. Asubuhi yake Rodwell na Sargeant walichapa vikaratasi vipatavyo 5,000, wakavigawa mitaani, wakiwataka Mafia na polisi waondoke pamoja katika baa hizo, na kuwahimiza watu wa hali yao wazisusie baa za genge na kufungua mahali pao wenyewe.

Juma moja baadaye ilikuwa zamu ya ukumbusho wa Philadelphia. Rodwell alikodi basi, akawachukua vijana wa New York, na katika kutembea kwao mbele ya jumba la uhuru wanawake wawili walishikana mikono. Kameny, aliyeogopa kwamba ishara hiyo ingewaharibia heshima mbele ya watazamaji, aliwaendea na kuitenganisha mikono yao kwa kofi. Rodwell alighadhibika kupita kiasi. Akaenda kwa vijana wake akawaambia kila mtu ashike mkono wa mwenzi wake, na wakafanya hivyo mbele ya waandishi wa habari. Kameny hakuwa mwoga, kwani aliipeleka serikali mahakamani peke yake wakati hakuna mwingine aliyethubutu, na lazima tumpe haki yake. Ila alidhani kwamba heshima ni kitu ambacho mtu hupewa akionyesha adabu ya kutosha, ilhali Rodwell alikwisha kuiacha rai hiyo tangu siku aliyokataa kufunika dirisha lake.

Katika basi la kurudi nyumbani aliamua kwamba ukumbusho wa Philadelphia umekwisha kazi yake. Tarehe 2 Novemba 1969, katika mkutano wa vyama vya watu hawa vya mashariki ya Marekani uliofanyika Philadelphia, yeye, Sargeant, Ellen Broidy na Linda Rhodes walileta azimio, lililosomwa na Broidy, kwamba ukumbusho uhamishiwe New York, ufanywe kila mwaka Jumamosi ya mwisho ya Juni kwa kukumbuka Stonewall, na pasiwe na amri yoyote ya mavazi wala ya umri, na miji mingine ialikwe kufanya hivyo siku hiyo hiyo. Azimio likapita.

Basi tazama jinsi jambo kubwa linavyofanyika. Kamati ya Siku ya Ukombozi ya Mtaa wa Christopher, iliyoundwa kulitekeleza azimio lile, ilikutana katika nyumba ya Rodwell iliyokuwa Mtaa wa Bleecker, na mara nyingine dukani, miongoni mwa rafu. Haikuwa na ofisi, wala mfadhili. Foster Gunnison aliweka hesabu za michango midogo midogo. Brenda Howard na Michael Brown na wengine wakavuta vyama vipya vya vijana vilivyokuwa vikigombana kutwa. Na barua za kuwaita watu zilipelekwa kwa anwani za wateja wa duka, ambazo Rodwell alikuwa akiziandika moja moja tangu 1967, kila aliponunua mtu kitabu na kukubali kuacha jina lake. Orodha ile ndiyo iliyokuwa hazina. Katika mji ambao watu hawa waliogopa hata kujuana kwa majina, palikuwa na mahali pamoja ambapo mamia yao waliyaacha majina yao kwa hiari, na mahali hapo palikuwa duka la vitabu.

Kibali cha polisi cha kuandamana kiliwafikia muda wa saa mbili tu kabla ya kuanza. Jumapili ya tarehe 28 Juni 1970, watu wachache walianza kutembea karibu na Mtaa wa Christopher, kwa mwendo wa haraka kwa sababu ya woga. Lakini kadiri walivyopanda kuelekea kaskazini watu walizidi kutoka kando ya barabara na kuingia safuni, hata walipofika kwenye uwanja wa majani wa Central Park, baada ya kupita mitaa zaidi ya hamsini, wakageuka nyuma na kuona kwamba mwisho wa safu hauonekani. Walikuwa maelfu. Siku moja kabla yake watu wa Chicago, mji wake wa kuzaliwa, waliandamana vilevile, na siku ile ile Los Angeles. Maandamano ya namna hiyo yanayofanywa sasa kila mwaka katika miji mingi ya dunia, kutoka São Paulo hadi Johannesburg, nasaba yake ni hiyo.

Habari za miaka iliyofuata zaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1973 duka lilihamia nambari 15 ya Mtaa wa Christopher, hatua chache kutoka Stonewall, na vitabu vikaongezeka kwa sababu sasa waandishi walijua kwamba wana mahali pa kuuzia. Maduka mengine yalizaliwa kwa mfano wake: Glad Day la Toronto mwaka 1970, Giovanni's Room la Philadelphia mwaka 1973, Lambda Rising la Washington mwaka 1974, na Gay's the Word la London mwaka 1979, ambalo mwaka 1984 lilivamiwa na maofisa wa forodha waliochukua vitabu kwa mamia, na kesi yake ikafutwa miaka miwili baadaye. Mchoraji Alison Bechdel amesimulia kwamba ni katika rafu za duka la Rodwell alikokuta, akiwa kijana, jarida la michoro la watu wa hali yake, akatambua kwamba jambo hilo linawezekana. Na yeye leo ni miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa Marekani. Ndiyo kazi ya duka la vitabu: kumkutanisha mtu na kitabu ambacho hakujua akitafute.

Rodwell alikaa nyuma ya meza ile muda wa zaidi ya miaka 25. Hakutajirika. Alipougua saratani ya tumbo aliliuza duka mwezi Machi 1993, na mwezi huo huo wachapishaji na waandishi wakamtunukia tuzo ya Lambda kwa huduma yake kwa vitabu. Alifariki tarehe 18 Juni 1993, umri wake miaka 52, siku chache kabla ya maandamano ambayo yeye aliyaasisi. Duka lilipita mikononi mwa wamiliki watatu wengine kabla ya kununuliwa na meneja wake, Kim Brinster, mwaka 2006. Lakini maduka makubwa yalikwisha kuanza kuuza vitabu vile vile, intaneti ikavipeleka hadi mlangoni kwa bei ya chini, na msukosuko wa uchumi ukamaliza yaliyobaki. Tarehe 29 Machi 2009 lilifungwa.

Mimi nashuhudia kwamba Rodwell hajapewa nafasi anayostahiki katika historia. Majina ya waliotupa mawe yanabishaniwa kila mwaka, ilhali jina la aliyekaa karibu miaka miwili kabla ya usiku ule wa Stonewall akiwapa watu vitabu, anwani na mahali pa kukutana hutajwa kwa nadra. Nyaraka zake, barua, hesabu za duka na vikaratasi vya Juni 1969, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York, na msomaji atakayejaliwa kufika mji ule na aombe kuzisoma.